Nani Atalipia Shamba la Damu?



Wapendwa waamini, mwezi wa Novemba Mama Kanisa hutualika kuwaombea marehemu wote, nasi tumezoea katika ukurasa huu kuandika juu ya toharani, juu ya nia za Misa na juu ya usafi wa makaburi yetu. Safari hii tunaomba mtuvumilie, kwa maana tutaandika juu ya jambo ambalo wengine watasema ni la serikali na si la padre: kama ni haki fedha ya umma itumike kununua, kupima na kutunza ardhi palipopiganwa vita vya zamani. Hatukulitafuta jambo hili. Lilitufuata sakristiani.

Mwaka jana, katika mwezi wa Agosti, vijana wa kigango kimojawapo cha parokia yetu walikuwa wakichimba msingi wa nyumba ya katekista. Walipofika kina cha goti, jembe la mmoja wao liligonga kitu walichodhani ni jiwe, kumbe ni fuvu la kichwa. Kabla ya jua kutua walikuwa wamefukua mafuvu matatu, mifupa mingi ya mikono na miguu, shanga chache za buluu na kichwa cha mkuki kilicholiwa na kutu. Katekista alisimamisha kazi, akamwita mtendaji wa kijiji, na kesho yake wakaja polisi, wakatazama, wakaridhika kwamba mifupa ni ya kale na hakuna wa kukamatwa, wakaondoka. Wazee wa mahali pale hawakushangaa hata kidogo. Walisema babu zao waliwasimulia kuwa juu ya tuta lile watu walifyekwa kwa bombomu wakati wa vita vya Maji Maji, na walionusurika hawakurudi kuzika. (Jina la kigango hatulitaji. Wanaozunguka usiku na vyombo vyao kutafuta ile wanayoiita mali ya Mjerumani wameshachimba makaburi ya kutosha katika nchi hii.)

Tuliandika barua kwenda ofisi moja inayohusika na mambo hayo. Baada ya juma la tano tulijibiwa kwa simu kwamba tuihifadhi mifupa mahali pasafi mpaka mtaalamu atakapofika, na kwamba kwa sasa fungu la mafuta ya gari limekwisha. Basi tuliiweka katika sanduku la mbao lililokuwa la mishumaa, ndani ya sakristia, na ikakaa humo miezi saba. Kila asubuhi tulivaa alba na stola hatua mbili kutoka kwa watu watatu tusiowajua majina, wala dini, wala upande waliopigania. Watoto wa altare walizoea, hata wakawa wanasalimia sanduku wakiingia. Sisi hatukuzoea. Mtaalamu hakufika, tuliruhusiwa kwa mdomo kuzika, kwa sharti kwamba tuandike mahali na tarehe, nasi tukazika katika Ijumaa moja ya Kwaresima, pamoja na shekhe wa kijiji na wazee wa koo, kila mmoja akiomba kwa namna yake. Nyumba ya katekista ilisogezwa chini ya mteremko.

Jambo halikuishia pale. Katika mkutano mkuu wa kijiji lilitolewa pendekezo kwamba tuta lote litengwe, litangazwe kuwa eneo la kihistoria, na serikali iombwe fungu la kulitunza. Kuna waliopiga makofi. Kisha akasimama mama mmoja mjane, mwanachama wa WAWATA, ambaye shamba lake la mtama limo katikati ya tuta hilo. Alitugeukia sisi, si mwenyekiti, akasema: Baba Paroko, wafu wamepata mlinzi, tunashukuru, sisi wenye watoto tutalima wapi? Hakuna aliyemjibu siku ile. Tangu hapo tumeulizwa na pande zote mbili paroko yuko upande gani, na wapo waliokwisha kututangazia upande bila kutuuliza.

Tuko upande wa kutenga fedha. Ila tunaungana na upande huo kwa masharti ambayo huenda yakawaudhi wote.

Tuanze na kilichotokea, kwa sababu vijana wetu wengi wanakijua kwa jina la uwanja wa mpira tu. Vita vya Maji Maji vilianza mwezi wa Julai 1905 katika vilima vya Umatumbi, huko Nandete, watu walipong'oa miche ya pamba waliyolazimishwa kuilima kwa faida ya wengine. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyewagawia watu maji ya dawa ili risasi zisiwadhuru, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti mwaka uleule, vita ikiwa bado changa. Tarehe 30 Agosti wapiganaji kwa maelfu walilishambulia boma la Mahenge, nao wakaangushwa na bombomu kabla ya kulifikia. Tarehe 21 Oktoba ikawa zamu ya Wangoni kushambuliwa kambini mwao pale Namabengo. Tarehe 27 Februari 1906 wakaanza kunyongwa viongozi wao mjini Songea, na hesabu ya walionyongwa huko ikapita 60, akiwamo Nduna Songea Mbano mwenyewe. Hata hivyo waliokufa kwa risasi na kamba ni wachache mbele ya waliokufa kwa njaa, maana utawala wa Kijerumani uliamua kuifanya njaa kuwa silaha: maghala yalichomwa, mazao yakaharibiwa, wasiojisalimisha wakazuiwa kulima. Makisio ya Wajerumani wenyewe yalikuwa watu 75,000. Mwanahistoria wetu Gilbert Gwassa alikisia kati ya 250,000 na 300,000.

Hapo ndipo neno lenyewe, uwanja wa mapambano, linapotuponyoka. Ikiwa silaha kubwa ilikuwa njaa, basi uwanja ni kila ghala na kila shamba la mihogo kuanzia Kilwa hadi Ziwa Nyasa, na hakuna bajeti itakayolipia hayo yote. Sehemu kubwa ya nchi ya Wangindo na majirani zao, iliyobaki tupu baada ya njaa ile na baada ya watu kuhamishwa katika miaka iliyofuata, ikaja kuwa pori la akiba la Selous, na tangu mwaka 2019 zaidi ya kilomita za mraba 30,000 za pori hilo ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Hatuna ugomvi na tembo. Tunasema tu kwamba nchi yetu imekwisha kuonyesha kuwa ikitaka kutenga ardhi, kuiwekea walinzi na kuilipia kila mwaka, inaweza. Hata hivyo, katika sehemu kadhaa za ardhi hiyo tumemtunza mnyama aliyekuja kula majani juu ya mahame ya watu, na mahame yenyewe hatujayaandika.

Ni haki kutambua yaliyokwisha kufanyika. Songea ipo Makumbusho ya Maji Maji, ipo minara, lipo kaburi la pamoja la walionyongwa, na kila Februari wanaadhimishwa. Nandete upo mnara. Kalenga, karibu na Iringa, limehifadhiwa fuvu la Mtwa Mkwawa, lililodaiwa katika ibara ya 246 ya Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 na kurudishwa mwaka 1954, miaka 35 baadaye. Ila jengo ni kitu kimoja na ardhi ni kitu kingine. Chukueni Lugalo, ambako tarehe 17 Agosti 1891 jeshi la Mkwawa liliuvamia msafara wa Emil von Zelewski na kumwua yeye na mamia ya watu wake. Mnara uliopo pale uliwekwa na Wajerumani kwa ajili ya wafu wao. Haukuwekwa kwa ajili ya Wahehe walioanguka siku ile. Na sheria yetu ya Mambo ya Kale, iliyotungwa mwaka 1964, huvilinda moja kwa moja vitu na majengo ya kabla ya mwaka 1863. Vya baadaye hungoja tangazo la waziri. Mapambano yetu yote makubwa dhidi ya Wajerumani ni ya baada ya mwaka huo. Kwa hiyo tuta la kigango chetu, mpaka atokee mtu wa kulitangaza, mbele ya sheria hiyo ni shamba la mtama tu.

Sasa tazameni jirani. Yeyote aliyepita Dar es Salaam, Moshi, Tanga au Iringa ameona makaburi ya askari wa vita vikuu yanayotunzwa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola: majani yamekatwa, mawe yamesimama kwa mstari, hata baadhi ya Wajerumani waliokuwa adui wamelazwa humo kwa heshima. Fedha hutoka katika hazina za serikali wanachama, Uingereza ikibeba fungu kubwa zaidi, na haijakatika kwa zaidi ya miaka 100. Tunawasifu. Lakini mwaka 2021 Tume hiyohiyo ilichapisha ripoti ikikiri kwamba kati ya watu 116,000 na 350,000 waliokufa katika vita vya kwanza, wengi wao wakiwa wapagazi na askari wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa. Walibeba mizigo ya Waingereza porini na wakafia njiani. Basi hata pale penye fedha nyingi na utaratibu mzuri, mtu mweusi aliachwa nje ya ukuta. Ndiyo maana hatusemi tu kwamba serikali itoe fedha. Kwanza tunauliza jina la nani litaandikwa.

Nchi iliyokwenda mbali zaidi katika jambo hili ni Marekani, nasi tumejisomea habari zake kwa sababu ya sanduku lile. Gettysburg, ambako watu wapatao 51,000 waliuawa, kujeruhiwa au kupotea katika siku tatu za Julai 1863, ilikuwa na kampuni ya reli ya umeme iliyotaka kupitisha njia yake uwanjani. Kesi ilifika Mahakama Kuu ya nchi ile, na mwaka 1896 majaji wakaamua kwamba kutunza uwanja wa mapambano ni matumizi ya umma, na serikali yaweza kutwaa ardhi kwa ajili hiyo ikilipa fidia. Miaka karibu 100 baadaye, mwaka 1993, tume ya bunge lao iliorodhesha viwanja vikuu 384 vya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, ikakuta karibu moja ya tano vimekwisha kuliwa na barabara, nyumba na maduka. Wakaweka mfuko: serikali hutoa nusu ya bei, na nusu nyingine hutafutwa na vyama vya raia au majimbo, ardhi hununuliwa kwa anayekubali kuuza, bila kumlazimisha. Na fedha za mfuko huo huchotwa katika mirahaba ya mafuta na gesi inayochimbwa baharini. Jambo la mwisho hili lilitufanya tuweke kitabu chini. Kisiwa cha Songo Songo, gesi yake ikitumika tangu mwaka 2004, kimo katika wilaya ya Kilwa. Nandete pia imo Kilwa.

Wamarekani nao wana aibu yao katika habari hii. Kwa miaka mingi waongozaji wa viwanja vile waliwaeleza wageni mbinu za majemadari, farasi na mizinga, bila kutaja utumwa ulioileta vita, mpaka mwishoni mwa karne ya 20 bunge lao lilipowaelekeza kuutaja. Ardhi inaweza kutunzwa vizuri na ikasema uongo.

Lakini kuna jambo moja la Gettysburg tulilompelekea yule mama mjane nyumbani kwake, nasi tunalieleza hapa kwa sababu tunadhani ndilo jibu lake. Ndani ya hifadhi ile wakulima bado wanalima. Ardhi ni ya umma, nao hukodishwa kwa mkataba, kwa kuwa mahali palipokuwa mashamba siku ya vita panastahili kuonekana mashamba hata leo. Kutunza si lazima maana yake kufukuza. Kwetu, tuta likitengwa, mtu aweza kulima mtama na ufuta kwa jembe la mkono, asijenge, asichimbe kisima wala msingi, na akitokewa na mfupa atoe taarifa. Alisikiliza, akauliza mkataba huo utaandikwa kwa jina la nani, lake au la shemeji yake. Tulicheka, kisha tukaona kwamba ameuliza swali ambalo wizara nzima ingeweza kulisahau.

Sharti letu la kwanza basi ni fidia, tena kabla ya bikoni. Abrahamu alipofiwa na Sara alitaka mahali pa kuzika katika nchi ya ugeni. Efroni alimwambia achukue shamba bure. Mzee yule alikataa, akapima shekeli 400 za fedha mbele ya mashahidi wote langoni, na ndipo akazika. Kitabu cha Mwanzo kimetumia sura nzima kueleza malipo hayo, na sisi wahubiri tumezoea kuiruka tukikimbilia harusi ya Isaka. Shamba la wafu lililopatikana kwa kumnyang'anya aliye hai haliwezi kuwa mahali pa sala. Tunaijua Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, tunajua pia ni mara ngapi fidia iliyoandikwa imechelewa hadi mwenye haki naye akazikwa. Ikiwa fedha haijafika, tuta lisitengwe. Mifupa imengoja zaidi ya miaka 100, na itangoja mwaka mwingine bila kulaumu mtu.

Abrahamu huyohuyo ndiye tunayemtumia kuwajibu wanaosema Ujerumani ilipe yote. Tarehe 1 Novemba 2023, siku ya Watakatifu Wote, Rais Frank-Walter Steinmeier alisimama Songea mbele ya wazao wa walionyongwa akaomba msamaha, akaahidi msaada wa kulitafuta fuvu la Nduna Songea Mbano. Tulipokea maneno yale kwa moyo mweupe, na tunadai yatimizwe: mabaki yaliyobebwa yarudishwe kwa gharama ya waliyoyabeba. Lakini shamba la kuwazikia tulinunue wenyewe. Wakuu wa makuhani walipokuwa na vile vipande thelathini mkononi waliona havifai kuingia hazina ya hekalu, kwa kuwa ni bei ya damu, wakanunulia shamba la mfinyanzi la kuzikia wageni, likaitwa Shamba la Damu. Fedha ya namna hiyo yaweza kununua ardhi, naam, lakini jina lake hubaki juu ya ardhi ile. Tungependa tuta letu liitwe kwa jina la waliolala pale.

Pana pingamizi lililotolewa na baadhi ya ndugu zetu wa uamsho, tena kwa nia njema: kwamba wapiganaji wale walikuwa na dawa za kishirikina miilini, kwamba kulitukuza tuta ni kurudisha tambiko, na kwamba padre hakupaswa kusimama pale. Ndugu, fungueni Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, sura ya 12. Yuda na watu wake walirudi uwanjani kuwachukua wenzao walioanguka, na chini ya nguo za kila mmoja wakakuta hirizi za sanamu za Yamnia. Hirizi, kitu kilichokatazwa na Torati. Yuda hakuwaacha wakaliwa na ndege. Alichanga drakma elfu mbili za fedha kwa askari wake, mtu kwa mtu, akazipeleka Yerusalemu ili itolewe sadaka kwa ajili ya dhambi zao, kwa kuwa aliamini wafu watafufuka. Hilo ndilo andiko tunaloliegemea kila Novemba tunapowaombea marehemu. Tumelisoma miaka mingi bila kugundua kwamba limeandikwa juu ya uwanja wa mapambano, juu ya watu waliokufa wakiwa na dawa mwilini, na juu ya mchango wa fedha.

Na sisi kama Kanisa hatuwezi kuwa watazamaji katika habari hii. Tarehe 14 Agosti 1905, huko Mikukuyumbu karibu na Liwale, waliuawa Askofu Cassian Spiss, mabruda Andreas Scholzen na Gabriel Sonntag, na masista Felicitas Hiltner na Cordula Ebert. Misioni ya Peramiho ilichomwa moto mwezi uliofuata. Tunawaheshimu hao watano, tunayajua majina yao na siku yao, na ni haki. Lakini ukweli una upande wa pili. Miaka michache kabla ya vita, mmisionari mmoja wa Peramiho aliharibu kibanda ambamo Nkosi Mputa wa Wangoni alikuwa akiwatambikia mahoka wake, na jambo hilo halikusahauliwa. Baadaye, walipokuwa wakingoja kitanzi Songea, wapo kati ya wafungwa wale waliobatizwa na padre mmisionari. Walimwendea kwa imani, kwa hofu, au kwa kutafuta mtu mmoja wa kuwasemesha kabla ya kufa, Mungu ndiye ajuaye. Sisi hatutathubutu kuwapima. Tunasema tu kwamba walikuwa Wakatoliki kwa saa chache, na kwa hiyo ni marehemu wetu kama marehemu wengine wowote, na kwa kadiri tujuavyo majina yao hayasomwi altareni katika parokia nyingi za jimbo. Kama tunaidai serikali fedha, hilo letu halina gharama.

Hoja ya zahanati tunaiheshimu kuliko zote. Kama kungekuwa na fedha moja tu na ikatubidi kuchagua kati ya tuta na wodi ya wazazi, tungechagua wodi bila kusita, na tunaamini hata waliolala pale wangefanya hivyo. Ila hatujaona mahali ambapo wodi ilijengwa kwa sababu historia ilinyimwa. Fungu tunaloliomba si la mnara. Minara ya saruji inayozinduliwa kwa kukata utepe, na baada ya miaka miwili mbuzi wanalala kivulini mwake, imetuchosha. Tunaomba fidia ya kaya tisa, mpimaji mmoja na bikoni zake, mtaalamu wa kuchunguza udongo kabla ya mtu mwingine kuchimba, daftari la kuandika wanayoyakumbuka wazee kabla hawajaondoka, na mafuta ya gari. Mafuta ya gari hasa.

Halmashauri ya Walei itaipeleka barua wilayani wiki ijayo, ikiwa na saini ya shekhe na ya wazee wa koo pamoja na yetu. Nayo itaeleza wazi kwamba parokia itachanga sehemu yake, hata kama ni ndogo, kwa kuwa Yuda hakuomba drakma zote kwa mfalme. Jumuiya Ndogo Ndogo zinaombwa kukusanya majina: yeyote ambaye babu au bibi yake alitaja mtu aliyeuawa au kufa kwa njaa wakati wa Maji Maji, awe alipigana na Mjerumani au alikuwa askari wa Mjerumani, amwandikie katekista jina hilo, hata likiwa jina moja tu la utani.

Misa ya kuwaombea itaadhimishwa kigangoni siku ya Jumamosi saa 3 asubuhi. Mje na majembe, tutafyeka kwenye kaburi la wale watatu. Mama yule amesema atafika mapema kutuonyesha mpaka wa shamba lake, tusije tukaukanyaga mtama.

Paroko wenu